Kabla Ganzi Haijaisha: Mwongozo kwa Mzazi Ambaye Mtoto Wake Anakwenda Kupasuliwa

Wazazi wengi wanaompeleka mtoto kupasuliwa ngiri, kutahiriwa au kurekebishwa nyayo za kupinda huwa na maswali mawili: ataamka salama, na tutarudi nyumbani lini. Ni maswali ya haki kabisa. Lipo la tatu, ambalo lisipoulizwa mapema huja lenyewe saa saba za usiku, mtoto analia, duka la dawa limefungwa na nesi wa zamu ameshikwa na mgonjwa mwingine: maumivu ya kidonda yatatulizwa kwa dawa gani, na ya kwanza ikiishiwa nguvu, ya pili itaanza wakati gani?

Sehemu kubwa ya jibu ni ganzi ya eneo. Hospitali nyingi zinaweza kuitoa, hata za wilaya, lakini wazazi wanaojua kuiulizia ni wachache. Na hata pale inapotolewa vizuri, mambo huharibika mahali pamoja, yaani muda ule inapoisha. Kwa hiyo hapa tutaizungumzia sindano, lakini zaidi tutaizungumzia saa.

Amelala tayari, ganzi ya nini?

Nusu kaputi humlaza mtoto asione, asisikie wala asikumbuke. Dawa zake zikikatishwa mtoto huamka baada ya muda mfupi, na kidonda nacho huamka. Ganzi ya eneo ni kitu kingine. Dawa, kwa kawaida bupivakaini, huchomwa karibu na neva zinazohudumia sehemu inayopasuliwa, na taarifa ya maumivu inazuiwa njiani isifike kwenye ubongo. Ni kama kuzima swichi ya chumba kimoja bila kugusa mita ya nyumba nzima.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji pengine anaijua ganzi akiwa macho, anaongea na daktari huku tumbo likishughulikiwa. Mtoto wa miaka mitatu hatatulia hivyo, akizungukwa na watu waliovaa barakoa. Kwa hiyo mara nyingi hulazwa kwanza, kisha akiwa usingizini huwekewa ganzi. Wazazi wengine hudhani hapo daktari amejirahisishia kazi. Sivyo. Mwaka 2015 vyama vya wataalamu wa ganzi vya Ulaya na Marekani vilitoa tamko la pamoja kwamba kumwekea mtoto ganzi akiwa amelala ni utaratibu salama na unaokubalika, maana mtoto anayejitupa huku sindano ikiwa mwilini ndiye aliye hatarini zaidi.

Faida inaonekana palepale. Aliyewekewa ganzi huhitaji dawa kidogo ya kumlaza, huamka ametulia, na hahitaji mofini nyingi. Mofini ni dawa nzuri na sina ugomvi nayo, ila inaweza kupunguza kasi ya kupumua, na anayepewa anatakiwa aangaliwe kwa karibu usiku kucha. Kwenye wodi ambayo muuguzi mmoja ana vitanda vingi, uangalizi huo ni mgumu. Ganzi humwacha mtoto apumue kama kawaida yake. Kwa mazingira ya hospitali zetu naiona inafaa kuliko hata inavyofaa kule ilikoandikiwa vitabu.

Msiichague kwa sababu moja inayosikika siku hizi, kwamba nusu kaputi inaharibu akili ya mtoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet uliwafuatilia watoto wachanga 722 waliopasuliwa ngiri, baadhi kwa ganzi peke yake wakiwa macho, baadhi kwa nusu kaputi ambayo kwa wengi wao haikufika saa moja. Walipotimiza miaka mitano, akili zao zilipimwa na tofauti haikuonekana. Ganzi iombwe kwa ajili ya maumivu. Hiyo inatosha.

Ganzi ipi kwa kidonda kipi

Inayotumika sana kwa watoto ni ya kifandugu. Mtoto hulazwa ubavu, mtaalamu wa usingizi akapapasa kwa kidole chini kabisa ya mgongo, juu kidogo ya mpasuko wa makalio, na kuingiza sindano kwenye tundu dogo la mfupa. Kwa mtoto mdogo tundu hilo hupatikana kwa urahisi, bila mashine yoyote. Sindano moja hutuliza karibu kila kitu kilicho chini ya kitovu: ngiri, kokwa lisiloshuka, njia ya mkojo iliyotokea pasipo mahali pake, miguu. Bupivakaini ikiwekwa hapo mara moja, nguvu yake hudumu kwa muda wa saa 4 hadi 6 hivi. Kumbuka hesabu hiyo, tutairudia.

Kwa kutahiri, ipo ganzi ya shina la uume. Dawa yake haichanganywi na adrenalini, kwa kuwa adrenalini hubana mishipa ya damu. Kwa mvulana mkubwa ningeitanguliza hii mbele ya ya kifandugu, kwa sababu haigusi miguu: anashuka kitandani na kutembea mwenyewe. Tatizo ni msimu. Likizo ya Desemba ikifika foleni inakuwa ndefu, na mtoto anaweza kuchomwa lidokaini peke yake. Lidokaini hushika upesi na kuachia upesi, baada ya saa moja au mbili. Mtoto anacheka akitoka chumba cha upasuaji, wanapanda bodaboda, na kabla hawajafika nyumbani kilio kinaanza. Uliza kwa adabu: "Samahani daktari, hii ganzi ni ya muda mfupi au ni ile ya muda mrefu?" Jibu litakuambia dawa ya maumivu ya kunywa uitoe saa ngapi.

Mkono uliovunjika unaweza kutiwa ganzi kupitia kwapani au juu ya mtulinga. Paja lililovunjika hutiwa kwenye kinena, na hapa upasuaji hausubiriwi: ganzi inaweza kuwekwa chumba cha dharura, kabla mtoto hajageuzwageuzwa kwa ajili ya picha ya eksirei. Mtoto mwenye mdomo sungura huchomwa sindano mbili ndogo chini ya macho, kila upande moja, mdomo wote wa juu ukafa ganzi, naye akaamka bila kuona kila kijiko ni adui. Kwa vidonda vya upasuaji wa tumbo kuna ganzi inayowekwa kati ya tabaka za misuli ya ubavu. Hiyo huhitaji altrasaundi na mkono uliozoea. Na kwa upasuaji mkubwa, mrija mwembamba unaweza kuachwa mwilini ili dawa iendelee kuingia kwa siku mbili au tatu, mradi wauguzi wa wodi hiyo wamefundishwa kuutunza. Kama hawajafundishwa, ni heri usiwekwe.

Ipo moja ambayo haihitaji mashine wala mtaalamu wa ziada: daktari mpasuaji kuchoma ganzi kwenye kingo za kidonda chenyewe, kabla ya kukata au wakati wa kushona. Ni dakika chache tu. Bupivakaini imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Katika hospitali ambako mtoto hulazwa kwa ketamini na hakuna zaidi, hii ndiyo ya kuiomba. Mzazi hahitaji kujua jina la kitaalamu. Aseme tu: "Daktari, naomba mwanangu akishonwa awekewe na ganzi kwenye kidonda, ili akiamka asiumie sana." Sijui kwa nini daktari akatae, isipokuwa dozi ya ganzi imekwisha kutolewa yote.

Wapo wasiofaa kuchomwa mgongoni: waliozaliwa na mgongo wazi, wenye jipu au kidonda pale sindano inapopita, na wenye tatizo la damu kutoganda. Haya yasemwe mapema, hata kama unadhani yameandikwa kwenye faili. Mtoto mwenye sikoseli hazuiliwi kwa ugonjwa huo. Yeye hasa anahitaji maumivu yake yatulizwe vizuri na asikaukiwe na maji, lakini timu lazima ijue.

Mizani kwanza

Ukiona mtoto anapelekwa thieta na hakuna aliyempandisha kwenye mizani asubuhi ile, sema. Kiwango cha juu cha bupivakaini kwa sindano moja ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, na kwa mtoto mchanga hupunguzwa. Dawa yenye nguvu ya asilimia 0.25 ina miligramu 2.5 katika kila mililita, kwa hiyo mtoto wa kilo 10 asizidishiwe mililita 10. Sasa mtu akikadiria kwa macho kwamba ana kilo 10, kumbe utapiamlo umemwacha na 7, amezidishiwa karibu nusu ya dozi. Tena hesabu ni ya dawa yote: kama mtaalamu wa usingizi amechoma kifanduguni na mpasuaji naye anataka kuchoma kwenye kidonda, wanatakiwa wajumlishe.

Dawa ikizidi, au ikiingia kwenye mshipa wa damu kwa bahati mbaya, huleta degedege na kuvuruga mapigo ya moyo. Hutokea zaidi ndani ya dakika chache baada ya sindano, mtoto akiwa bado thieta na vipimo vimefungwa mwilini. Ndiyo sababu anayechoma huvuta bomba nyuma kwanza kuona kama linakuja na damu, kisha husukuma dawa polepole, kidogo kidogo. Tiba yake, pamoja na kumsaidia mtoto kupumua, ni maji meupe ya mafuta ya asilimia 20 yanayoingizwa kwenye mshipa. Kama unafanya kazi thieta na unasoma haya, hakikisha unajua kabati yanamokaa.

Ile hofu ya sindano ya mgongo

Kila mtaa una mtu anayesema mgongo wake haujapona tangu achomwe sindano wakati wa kujifungua. Mgongo huuma kwa mambo mengi, ujauzito wenyewe na kubeba mtoto yakiwemo, lakini tusibishane na jirani. Tuangalie watoto wenyewe. Hospitali za watoto za Marekani ziliungana kuandika kila ganzi ya eneo wanayotoa na kila tatizo lililotokea. Taarifa ya mwaka 2018 ilihusu ganzi zaidi ya 100,000. Hakuna mtoto aliyepata ulemavu wa kudumu wa neva. Waliopata ganzi au udhaifu uliochelewa kuondoka kisha ukaondoka walikuwa kama 2 katika kila 10,000, na waliopata sumu kali ya dawa hawakufika mmoja katika 10,000. Wafaransa nao walihesabu zaidi ya ganzi 31,000, wakachapisha mwaka 2010: matatizo yalikuwa machache sana, na yale ya sindano za mgongoni yalizidi mara kadhaa ya yale ya sindano za mbali na mgongo. Kutokana na hesabu hizo wataalamu wengi siku hizi husema, kama neva ya kwapani au ya kinena inatosha, mgongo uachwe.

Ni kweli hospitali hizo zina vifaa ambavyo zetu nyingi hazina, na takwimu hazihamishwi kama mzigo. Kwa hiyo uliza jambo la hapa hapa: "Anayemchoma mwanangu amezoea watoto?" Hospitali zinazopasua watoto kila wiki, kama CCBRT ya Dar es Salaam au CURE ya Kijabe nchini Kenya, zina watu ambao swali hilo haliwaudhi. Na pale linapoudhi, hilo nalo ni jibu la aina yake. Una haki ya kukubali upasuaji na kukataa sindano ya mgongoni. Ukikataa, uliza watatumia nini badala yake.

Kabla ya siku yenyewe

Ganzi haiondoi kufunga kula, kwa sababu mtoto bado atalazwa, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Kwa kawaida chakula na maziwa ya ng'ombe au ya kopo husimama saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, na maji matupu saa 1 au 2. Fuata utakavyoambiwa na hospitali yako. Uji ni chakula, hata ukiwa mwepesi kiasi gani. Chai ya maziwa si maji. Bibi aliyemwonea mjukuu huruma alfajiri akampa vijiko viwili vya uji, basi aseme. Upasuaji utasogezwa mbele, hakuna atakayegombezwa. Kosa la upande wa pili nalo ni kubwa: mtoto kulala na kiu tangu jioni hadi adhuhuri kwa sababu foleni ni ndefu. Kila baada ya muda ulizia kama anaruhusiwa maji.

Mtoto mwenyewe aambiwe ukweli kwa lugha yake. "Haitauma" ni ahadi mbaya. Mwambie atalala, akiamka miguu itakuwa mizito kidogo kwa muda, halafu itarudi, na ikianza kuuma akuambie upesi kwa sababu dawa ipo. Mtoto asiyejua kuhusu ganzi akiamka na kukuta miguu haimsikii hupiga kelele kwa woga, na kelele hizo hudhaniwa ni maumivu.

Nunua dawa ya maji ya parasetamoli, na ibuprofeni kama daktari ameiruhusu, kabla ya siku ya upasuaji. Nunua na bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia. Vijiko vya nyumbani havifanani.

Saa ya ukutani

Hapa ndipo penye kazi yako. Mtoto aliyewekewa ganzi vizuri anaamka anacheza, na kila mtu anaona hana haja ya dawa. Muuguzi anaona anacheka, anapita. Mzazi anasema mtoto jasiri huyu, tusimjaze madawa. Saa zinakwenda, ganzi inaachia, maumivu yote yanaingia kwa pamoja kwenye mwili ambao hauna dawa hata tone, na parasetamoli ya kunywa inahitaji kama nusu saa au zaidi kuanza kufanya kazi. Dawa itolewe mtoto akiwa bado hasikii maumivu. Inaonekana kinyume, lakini ndivyo.

Chukua mtoto wa kilo 12, amepasuliwa ngiri saa nne asubuhi kwa ganzi ya kifandugu, na thieta wamempa parasetamoli saa hiyo hiyo. (Ulizia muda huo kabla hujatoka, pasipo kuujua huwezi kupanga chochote.) Ganzi yake itaisha kati ya saa nane na saa kumi jioni. Parasetamoli hutolewa kila baada ya saa 6, kwa hiyo inayofuata ni saa kumi jioni, na hapo pengine ganzi imeshaisha. Pengo hilo lizibwe na ibuprofeni saa nane mchana, akiwa ameshaanza kunywa bila kutapika. Ibuprofeni ni kila baada ya saa 8, hivyo itarudi saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Parasetamoli itarudi saa nne usiku, saa kumi alfajiri na saa nne asubuhi. Andika kwenye karatasi, bandika ukutani, kila dozi ikitolewa tia alama, ili baba asirudie aliyotoa mama. Tega kengele ya simu kwa ile ya alfajiri. Endelea kwa saa, si kwa kilio, siku mbili za kwanza. Baadaye punguza ukiona anacheza.

Dozi ya parasetamoli ni miligramu 15 kwa kilo, yaani miligramu 180 kwa mtoto huyu. Chupa nyingi zina miligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo ni mililita 7.5. Lakini zipo chupa za miligramu 250 katika mililita 5, na mililita zile zile 7.5 zitakuwa zaidi ya mara mbili ya dozi. Soma chupa kila unaponunua. Isizidi mara nne kwa saa 24, na chunguza kama dawa ya mafua anayotumia haina parasetamoli ndani yake. Ibuprofeni ni miligramu 10 kwa kilo: 120 kwa mtoto wetu, sawa na mililita 6 za chupa ya miligramu 100 katika mililita 5. Asipewe mtoto wa chini ya miezi mitatu, anayetapika na kukaukiwa maji, mwenye ugonjwa wa figo au anayetokwa damu. Mwenye pumu, daktari aamue. Kama hospitali imempa diklofenaki, ibuprofeni isubiri, maana ni ndugu wa tumbo moja. Kichanga wa chini ya mwezi ana dozi zake, ziandikwe na daktari.

Aspirini usimpe mtoto. Wala kodeini au tramadoli zilizobaki kwenye pakiti ya mtu mzima: mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza zisitumike kutuliza maumivu ya watoto wa chini ya miaka 12, baada ya vifo vya watoto waliokoma kupumua. Miili ya baadhi ya watu hugeuza kodeini kuwa mofini kwa kasi kubwa, na huko Ethiopia watu wa namna hiyo ni wengi kuliko Ulaya. Suala hili linatuhusu moja kwa moja.

Kuusoma uso wake

Hadi miaka ya 1980 vichanga walipasuliwa mahali pengi duniani wakiwa na dawa kidogo mno ya maumivu, kwa imani kwamba neva zao hazijakomaa. Mwaka 1987 Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba njiti waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji walistahimili vizuri kuliko wasiopewa. Imani ilikufa vitabuni. Majumbani bado ipo, imevaa nguo nyingine: "jikaze, mwanamume halii." Mvulana aliyetahiriwa amesikia hayo tangu akiwa mdogo, na atakulalia kimya huku ameuma shuka.

Kwa asiyeweza kusema, wauguzi hutumia kipimo kilichobuniwa Chuo Kikuu cha Michigan na kuchapishwa mwaka 1997. Unaweza kukitumia mwenyewe. Tazama mambo matano: uso, miguu, mwili, kilio, na kama anabembelezeka. Kila moja lipe 0, 1 au 2. Uso uliotulia ni 0, uliokunjamana mara moja moja ni 1, wa kidevu kutetema na meno kukaza kila wakati ni 2. Anayenyamaza akibebwa ana 1. Asiyenyamaza hata akinyonya ana 2. Jumla ikifika 4 dawa haijatosha. Mwenye miaka minne au mitano na kuendelea anaweza kuonyesha kwa picha za sura, na wa miaka minane atakutajia namba kutoka 0 hadi 10. Mwulize mkiwa wawili, wajomba wakiwa nje.

Kumkumbatia, kumnyonyesha, kumwimbia, katuni kwenye simu: vyote hivi hupunguza maumivu kweli, wala si kumzuga. Vitumike pamoja na dawa.

Mguu usiosikia, na dalili za kurudi hospitali

Kiungo chenye ganzi hakijilindi. Asisimame peke yake hadi umpime kwa kumwambia akunje magoti na kusukuma mkono wako kwa unyayo. Chai ya moto na chupa ya maji ya moto vikae mbali. Aliyetiwa ganzi ya mdomo aangaliwe asijitafune. Geuza kisigino mara kwa mara kisilaliwe upande mmoja. Mkojo utoke ndani ya saa 6 hadi 8. Ukichelewa, mwite muuguzi.

Wa mkono au mguu uliofungwa POP ana hatari yake. Misuli ikivimba ndani ya plasta hiyo ngumu, damu hushindwa kupita, na ganzi inaweza kuficha dalili za mwanzo. Vidole vikiwa baridi, vyeupe au vya bluu, akilia unapovinyoosha, au maumivu yakizidi licha ya dawa zote, hilo si la kungoja asubuhi. Plasta ipasuliwe usiku ule ule.

Mrudishe pia akiwa mgumu kuamka, akipumua kwa shida, akipata degedege, kidonda kikivuja damu, homa ikipanda, mahali pa sindano pakiwa pekundu na kuvimba, au miguu ikiwa bado dhaifu saa 24 baada ya sindano moja. Udhaifu uliokwisha kuondoka kisha ukarudi ni wa haraka zaidi ya yote hayo.

Kabla hamjaruhusiwa, omba iandikwe kwenye kadi: ganzi gani, dawa gani, kiasi gani. Nyumbani ongeza wewe mwenyewe ilidumu kwa muda gani na usiku ulikuwaje. Mtoto wa nyayo za kupinda au wa njia ya mkojo huenda akarudi thieta mara ya pili na ya tatu, kwa mtaalamu mwingine kabisa, na maneno hayo matatu manne ndiyo atakayoanzia kupanga dozi.